Rhodora Famatid na seva aliyoiacha ikiwaka

Saa moja na robo asubuhi. Chini, mbele ya duka la mikate, watu bado wamepanga foleni ya pandesal. Juu, kwenye chumba chenye kiyoyozi kimoja kinachopulizia mashine tu, Rhodora Famatid anapanga simu kumi na moja mezani.

Hakuna hata moja iliyo mpya. Mbili zimepasuka vioo. Moja imezungushiwa mpira wa kufungia mboga ili betri isidondoke. Pembeni kuna kompyuta ya zamani ya mezani, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na programu inayoiendesha ni ile ambayo walioitengeneza waliacha kuihudumia mwaka jana.

Anachukua simu ya kwanza, anaandika jina la tovuti ya parokia, anasubiri. Ukurasa unafunguka, anatia alama kwenye daftari. Anaandika jina la chuo cha wakunga. Alama. Duka la vipuri. Alama. Kisha anachukua simu ya pili na kuanza upya na majina yaleyale.

"Jirani alidhani nauza simu za wizi," anasema bila kuinua kichwa. "Alipanda ngazi kuniuliza kama ninayo moja yenye chaja yake."

Rhodora, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni fundi pekee wa Balay-Balay, kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti hapa La Paz, jijini Iloilo. Vijana wa ofisi za jirani humwita Manang Doray, yaani dada Doray, au Nang kwa kifupi, na wateja wake wengi hawajui kama ana jina jingine. Analipwa peso elfu kumi na nane na mia tano kwa mwezi. Mama yake, mfumaji wa vitambaa vya hablon huko Miagao, mpaka leo huwaambia watu kwamba binti yake "anatengeneza runinga."

Tovuti 212 ziko mikononi mwake. Za shule, za maduka, za makanisa, ya daktari wa meno, ya mpika nguruwe wa sherehe. Zote zinakaa ndani ya seva moja, na seva hiyo ina anwani moja tu ya mtandao.

Ukimuuliza inawezekanaje, anauliza swali lake. "Umewahi kukaa kwenye nyumba za kupanga za wanafunzi, kule Jaro? Mlango wa barabarani mmoja, vyumba ishirini. Mgeni akifika anasema, 'Namtaka fulani,' mwenye nyumba anampeleka. Basi. Kivinjari chako kikifika kwenye seva yangu kinataja jina la tovuti unayoitaka, na seva inakupeleka."

Na asipotaja?

"Anapelekwa chumba cha kwanza," anasema Doray. "Awe amemfuata nani, chumba cha kwanza."

Hilo alilijua tangu zamani. Mwaka 2001, akiwa ameacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa ada, alikuwa mhudumu wa duka la intaneti karibu na soko kuu. Kompyuta za duka lile zilikuwa na vivinjari vikuukuu visivyojua kutaja jina. Mwanamke mmoja alikuja kutafuta tovuti ya masista wa shirika moja, ikamfungukia ya majogoo wa kupigana. "Alinigeukia akaniuliza, 'Day, binti, masista wameanza lini hii biashara?' Jibu nililipata baada ya miaka mitatu, nilipofundishwa kazi hii."

Lakini habari iliyotufanya tupande ngazi hizi haihusu masista. Inahusu baharia, mkewe, na nyumba ya maziko. Doray mwenyewe ndiye aliyesema iandikwe. "Andika kwamba kosa lilikuwa langu," alisema kabla hatujakaa. "Wengine watakuambia ni la mashine."

Agosti mwaka jana, mmoja wa wateja wa Balay-Balay, wakala wa mabaharia aitwaye Marayat, aliomba tovuti yake iwekewe kufuli. Matapeli walikuwa wameinakili na kuwatoza vijana peso elfu tatu tatu za "usajili." Wakala alitaka ile alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa, ili watu wajue wako mahali halali.

Seva ya zamani haikuweza kubeba kufuli za tovuti nyingi kwenye anwani moja. Doray akaamua kuhamia seva mpya. Alipanga kuhama Jumatano, tarehe kumi na tatu.

Kuhama kwa tovuti, anasema, hakuonekani kwa macho. Jina linabaki lilelile. Kinachobadilika ni anwani iliyo nyuma ya jina, ambayo imeandikwa kwenye daftari kubwa la majina la mtandao, lile ambalo mafundi huliita DNS. Shida ni kwamba watoa huduma wa intaneti hawaliulizi daftari hilo kila mtu anapoandika jina. Wakishaambiwa tovuti fulani iko anwani fulani, wanaikariri kwa muda, ili kazi iende haraka.

"Mimi ndiye ninayesema wakariri kwa muda gani," anaeleza Doray. "Siku mbili kabla ya kuhama nikapunguza, nikaandika dakika tano. Wengi wanatii. Wapo wasiotii. Huko mikoani kuna watoa huduma wadogo wanaokariri wiki nzima, useme usiseme, maana laini yao ni nyembamba na hawataki kuipoteza kwa kuuliza maswali."

Kwa ajili ya hao, akafanya jambo ambalo kila fundi mwangalifu hufanya. Aliiacha seva ya zamani ikiwaka. Atakayechelewa kupata habari za kuhama, asikute mlango umefungwa.

Na kweli hawakukuta umefungwa.

Kilomita mia moja na themanini hivi kutoka hapo, mjini Culasi, mkoa wa Antique, Eliseo Dalumpines alikuwa akisubiri kuitwa. Ana miaka thelathini na tisa. Kazi yake melini ni kutia mafuta mitambo, chini kabisa, kwenye joto. Mkataba mmoja ni miezi tisa, na mshahara wa mwezi mmoja wa baharini unazidi anachopata kwa nusu mwaka wa kulima mpunga wa watu.

Kimbunga cha Novemba iliyotangulia kilikuwa kimeondoka na nusu ya paa la nyumba yake, pamoja na simu yake. Alinunua laini mpya, akapeleka namba kwa wakala. Karani aliyeiandika aliacha kazi mwezi uliofuata, na karatasi haikuonekana tena. Kwa hiyo njia yake ya kujua kama ameitwa ilikuwa moja: orodha inayowekwa kwenye tovuti kila Ijumaa.

Ijumaa ile, tarehe kumi na tano, alikwenda pisonet ya karibu na soko, kibanda cha kompyuta za kulipia kwa sarafu, akatumbukiza sarafu ya peso moja, akaandika jina la tovuti. Orodha ikafunguka. Jina lake halikuwemo. Akarudi Jumamosi, halikuwemo. Jumatatu asubuhi, halikuwemo.

"Nilisoma mpaka chini, nikasoma kutoka chini mpaka juu," Eliseo alituambia kwa simu akiwa bandarini. "Yule mama wa pisonet akaniambia, 'To, kijana wangu, hata ukiitazama kwa jicho kali haitaongezeka.'"

Wakati huohuo mkewe, Mariflor, alikuwa na simu yake, kuukuu, aliyopewa na dada yake anayefanya kazi Hong Kong. Intaneti ya simu hiyo ilitoka kampuni nyingine, iliyokwisha kupata anwani mpya. Jumamosi, wakati mumewe yuko pisonet, yeye akafungua tovuti akiwa jikoni, akitanguliza mbele ya jina herufi za kufuli, https, kama wakala alivyotangaza redioni.

Hapa ndipo simu kuukuu ilipofanya yale ambayo simu kuukuu hufanya. Kwenye mlango wenye kufuli, seva lazima ionyeshe cheti kwanza ndipo mgeni aingie. Vivinjari vipya hutaja jina vikiwa bado mlangoni, hivyo huonyeshwa cheti kinachohusika. Cha Mariflor hakikutaja kitu. Seva ikamwonyesha cheti cha chumba cha kwanza.

Vyumba vya Doray vilipangwa kwa alfabeti. Cha kwanza kilikuwa cha Abanilla.

Simu ikamwandikia Mariflor kwamba jina kwenye cheti halilingani na tovuti aliyoitafuta. Ikamuuliza kama anataka kukitazama. Akabonyeza ndiyo. Akasoma: kimetolewa kwa Punerarya Abanilla.

"Nilitafuta jina la mume wangu kwenye orodha ya meli, nikaletewa wazika maiti," anasema Mariflor. "Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Baba yake mwenyewe alikufa melini mwaka 1996. Jeneza lilifika baada ya siku arobaini na moja.

Hakumwambia mumewe. Alizima simu akaiweka ndani ya pipa la mchele. Jumapili alikwenda kanisani akawasha mishumaa. Nyumbani akaanza kumkataza mumewe mambo: asipande kumalizia paa, asiende kupiga mbizi na mkuki, asiendeshe pikipiki ya kaka yake. Eliseo alidhani mkewe ana mimba.

Jumatatu mchana, uvumilivu ukamwishia. Akaitoa simu kwenye mchele, akatafuta namba ya Punerarya Abanilla, akapiga.

Crispulo Abanilla, ambaye watu wa Iloilo humwita Manong Pulo, yaani kaka Pulo, au Nong kwa kifupi, amezika watu kwa miaka thelathini na nne. Anasema tangu Alhamisi iliyotangulia alikuwa akipokea simu za ajabu. "Watu wananiuliza meli inaondoka lini. Mimi nawauliza, marehemu ni nani? Wanakata simu."

Lakini huyu hakukata. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Nong, jina la mume wangu liko kwenu?"

"Anaitwa nani?"

"Eliseo Dalumpines."

Manong Pulo akafungua daftari lake, na kwa mazoea akaliandika jina kwenye mstari ulio wazi. "Amefariki lini, Day?"

"Hajafariki. Yuko uani, anakula."

"Anakula?"

"Anakula samaki. Namwona kutoka hapa."

Manong Pulo akaiweka kalamu chini. Alimwambia yule mama kwamba hawaziki walio hai, akaagana naye kwa adabu, kisha akampigia Doray moja kwa moja.

"Doray, umefanya nini na tovuti yangu? Wewe si ulisema unaihamisha? Umeihamishia bandarini?"

Doray alisikiliza mpaka mwisho. Alipotajiwa jina, alifungua orodha ya Marayat kwenye seva mpya. Mstari wa tisa: Dalumpines, Eliseo. Kuripoti ofisini Iloilo kwa uchunguzi wa afya, Jumatano tarehe ishirini, saa mbili asubuhi. Asiyefika, nafasi yake inapewa anayefuata.

Kisha akafungua orodha hiyohiyo kwenye seva ya zamani. Ilikuwa ya Ijumaa ya tarehe nane. Dalumpines hakuwemo. Wafanyakazi wa wakala walikuwa wameweka orodha mpya kwenye seva mpya, kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyekuwa ameinakili kwenye ile ya zamani, na kazi ya kuinakili ilikuwa yake.

"Nilirudia kusoma tarehe," anasema. "Ningeizima ile seva, watu wangeona ukurasa haufunguki. Wangepiga simu, wangeuliza, wangekwenda ofisini. Lakini niliiacha ikiwaka, na orodha ndani yake. Mtu anaiona, ni safi, ina nembo, kila kitu. Anarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba hajaitwa."

Akachukua namba ya Mariflor kwa Manong Pulo, akapiga. Akaanza kwa kusema, "Manang, nimepata namba yako kutoka Punerarya Abanilla." Simu ikakatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa. Mariflor anasema alikwishaambiwa na redio kwamba matapeli hupenda kuanza na habari za msiba.

Wakala alikuwa na namba ya Eliseo iliyokufa na kimbunga. Mkurugenzi wa Balay-Balay akamshauri Doray atume ujumbe, hatimaye simu itawashwa. Doray akatuma. Usiku ule hakupata jibu. Jumanne alfajiri alipanda gari la kwanza la kwenda Antique, akiwa na orodha iliyochapwa ndani ya bahasha, na mkate mmoja.

Alifika Culasi saa nne na nusu. Hakuhitaji kuuliza sana. Kila mtu anamjua Mariflor anayeuza ndizi za kukaanga mkabala wa kituo cha afya. Alimkuta mbele ya nyumba yake, kwenye kikaango.

"Wewe ndiwe Mariflor Dalumpines?"

"Inategemea. Wewe nani?"

"Naitwa Rhodora. Nimetoka Iloilo. Mimi ndiye niliyepiga jana."

Mariflor akainua koleo. "Wewe ndiye wa maziko?"

"Hapana, Nang. Mimi ni wa kompyuta."

"Wa kompyuta hawatoki Iloilo kuja kula ndizi zangu. Unataka kiasi gani?"

"Sitaki kitu. Mumeo ameitwa. Kesho saa mbili."

Sauti zilipopanda, Eliseo alitoka nyuma ya nyumba na nyundo mkononi. Aliuliza kuna nini. Doray akaanza kueleza, akafika penye simu, cheti na Punerarya Abanilla, ndipo alipogundua kwamba mume hakuwa akijua lolote.

Eliseo alimtazama mkewe. "Kwa hiyo mimi ndiye marehemu?"

"Usitanie!" Mariflor akampiga begani na kitambaa cha jikoni.

"Ndiyo maana nimekatazwa paa?"

"Ndiyo maana."

"Na mkuki?"

"Na mkuki! Na pikipiki! Ulitaka nikuambie nini? Nikuambie nimekuona kwa wazika maiti, halafu ule chakula chako cha mchana?"

Doray anakumbuka kwamba Eliseo alicheka, kisha akaacha ghafla, akamshika mkewe mkono, huku ndizi zikiungua.

Hata hivyo Eliseo hakuamini upesi. Karatasi iliyochapwa inaweza kuchapwa na yeyote. Wakaenda pisonet. Akatumbukiza sarafu, akaandika jina, orodha ikatokea ileile aliyoiona siku zile tatu, bila jina lake.

"Tazama," akamwambia Doray. "Nimeandika herufi kwa herufi. Simo."

Doray akamwonyesha tarehe iliyokuwa juu kabisa, kwa maandishi madogo: Agosti 8. Kisha akaifungua orodha kwenye simu yake mwenyewe. Agosti 15. Mstari wa tisa.

"Jina ni moja," Eliseo akasema. "Inakuwaje majibu mawili?"

"Kompyuta hizi zimekariri tulikokuwa tunakaa. Sisi tumehama. Zinakupeleka kule kwa zamani."

"Kwa hiyo mashine imekosea."

"Mashine haijakosea, Nong. Mimi ndiye niliyehama nikaacha orodha ya zamani mahali ambapo ungeweza kuiona."

Mariflor, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao mikono kiunoni, akauliza, "Sasa si ungeondoa?"

"Ningeondoa," akasema Doray. "Hata jana, kwa kuwakimbilia ninyi, sikuigusa."

Mama wa pisonet, ambaye alikuwa akisikiliza tangu mwanzo, akarudisha sarafu zote za Eliseo za siku zile tatu. Alikuwa amezihesabu.

Gari la kurudi Iloilo liliondoka saa saba. Eliseo alibeba kitabu chake cha ubaharia, pasipoti na kadi ya chanjo. Mariflor alisema naye anakwenda. Alipoulizwa anakwenda kufanya nini, akasema ana shughuli mjini.

Shughuli yenyewe waliijua walipofika. Saa kumi na mbili kasoro jioni, badala ya kwenda kwa binamu yao walikotarajiwa kulala, Mariflor alitaka apelekwe Punerarya Abanilla.

Manong Pulo alikuwa anafunga. Aliwaona watu watatu mlangoni, akavaa uso wa kazi.

"Poleni sana. Ni nani aliyetutoka?"

"Hakuna," akasema Mariflor. "Nataka kuona daftari."

Manong Pulo akamtazama Doray. Doray akainamisha kichwa. Mzee akaleta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa Jumatatu. Jina lilikuwa pale, kwa kalamu ya wino wa buluu, kati ya bibi mmoja wa Oton na mwalimu mstaafu wa Pavia.

"Alikwishaandika!" Mariflor akasema, kidole juu ya jina.

"Ni mazoea tu, Day. Nikisikia jina, mkono unakwenda wenyewe."

"Basi na uende tena. Futa."

Manong Pulo akaenda kuchukua rula. Akalikata jina kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha, bila kuombwa, akaandika pembeni maneno mawili: yu hai. Akatia sahihi na tarehe. Eliseo akaombwa atie sahihi naye, akatia. Wakapewa kahawa.

"Miaka thelathini na nne," Manong Pulo anasema sasa, "ni mteja wangu pekee aliyekunywa kahawa."

Jumatano saa mbili kasorobo Eliseo alikuwa wa pili kwenye foleni ya Marayat. Alifaulu uchunguzi. Tarehe pili Septemba alipanda ndege kwenda kukutana na meli Singapore.

Doray hakuwa kwenye foleni. Usiku aliinakili orodha mpya kwenye seva ya zamani, na tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akisoma kumbukumbu zake, mstari kwa mstari, kuona nani bado wanaifungua. Alikuta watu wa miji mitatu ya kaskazini ya Antique, wote wa mtoa huduma mmoja. Kati ya mabaharia kumi na saba walioitwa Ijumaa ile, wanne hawakuwa wamefika. Yeye na karani wa wakala waligawana namba. Hadi saa tano asubuhi walikuwa wamewapata watatu, na wakala akakubali kuwasubiri mpaka kesho yake.

Wa nne hakupatikana. Jovencio Obligar, miaka ishirini na minne, wa Pandan, mkataba wake wa kwanza kabisa. Simu yake ilikuwa nje ya mtandao. Alikuwa mlimani akivuna abaka, migomba ya nyuzi za kamba, na mjomba wake. Alishuka Ijumaa, akaenda pisonet kutazama orodha. Siku hiyo kompyuta zilikuwa zimekwisha kusahau anwani ya zamani. Akaona jina lake, na tarehe iliyokwisha pita.

Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa. Alisubiri mpaka Machi.

Doray alikwenda Pandan kumwomba radhi. Sehemu hii ya habari aliieleza kwa kifupi, akitazama dirishani. "Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa. Akaniambia, 'Haina neno, Nang, nitapata nyingine.' Mama yake akanipa chakula. Nilikula, ningefanya nini?"

Alimwandikia wakala barua ya ukurasa mmoja akieleza kilichotokea. Hakuandika neno "hitilafu," ambalo mkurugenzi wake alipendekeza. Aliandika "nilisahau." Wakala alitishia kuhama, kisha akabaki, kwa sharti kwamba kila aliyeitwa apigiwe simu pia, na namba zihakikiwe kila mwezi.

Tangu hapo Doray amebadilisha mambo kadhaa. Muda wa kukariri anaupunguza wiki mbili kabla ya kuhama. Seva ya zamani haibaki tena na kurasa zake. Anayeifikia anapelekwa ilipo mpya bila yeye kujua. Na kila asubuhi, simu kumi na moja. Alizinunua mojamoja sokoni, za aina ambazo watu wa mikoani bado wanazo. Nne kati ya hizo hazitaji jina mlangoni.

Chumba cha kwanza hakina Abanilla tena. Manong Pulo alikubali kuhamishwa, ingawa analalamika kidogo. "Simu zimepungua," anasema.

Doray alifikiria sana aweke nini pale. Simu za zamani zitaendelea kuwepo, na mtu anayezitumia ataendelea kuonyeshwa cheti kisichokuwa chake, na atakachokisoma ni jina moja tu, basi. Hakuna nafasi ya maelezo wala ya kuomba radhi.

Kwa hiyo alisajili jina jipya la tovuti kwa fedha yake mwenyewe. Jina hilo ni tawgi-si-doray, yaani mpigie Doray. Sasa mtu akifika kwenye kufuli bila kutaja jina, hilo ndilo analolisoma kwenye cheti. Akiliandika jina hilo kama lilivyo, linafunguka hata kwenye simu mbovu kuliko zote: orodha ya tovuti zote 212, namba ya simu, na sentensi moja inayouliza, "Unamtafuta nani?"

Wanapiga. Wiki iliyopita walipiga sita. Mzee wa Sibalom alitaka tovuti ya chama cha ushirika. Msichana mmoja hakuwa akitafuta kitu, alitaka tu kujua Doray ni nani. Mariflor hupiga pia, ingawa ana simu mpya aliyoletewa na mumewe. Hupiga kila Ijumaa, kuuliza kama orodha aliyoiona ndiyo yenyewe.

Mpango wake, anasema, ni kuzunguka kwa wamiliki wa pisonet wa Antique mwezi Januari, mji baada ya mji, awafundishe kusoma tarehe ya ukurasa na kuzifanya kompyuta zao zisahau anwani za zamani. Ameandika majina ya miji tisa. Mkurugenzi amempa ruhusa ya siku nne. Nyingine atazitoa kwenye likizo yake.

Na matumaini? Anaweka simu ya kumi na moja mezani, anatia alama ya mwisho.

"Natumaini siku moja kila mtu atakuwa na simu inayojua kutaja jina, na hakuna atakayeliona langu. Siku hiyo nitaliacha life." Anafikiri kidogo. "Mwaka jana nililisajili kwa mwaka mmoja, nikisema watu watabadilisha simu. Mwezi uliopita nimelisajili tena. Miaka mitano."